Nani Chini ya Hapo?

Shikamooni wazee wa jumuiya! Vijana wenzangu, mambo! Leo nisiposema nitapasuka, kwa hiyo nivumilieni.

Kizazi chetu tulizaliwa wengi, jamani. Shuleni kule Magu tulibanana watano dawati moja. Kaka yangu mkubwa, enzi zao wakimaliza wachache, alifuatwa hadi nyumbani apewe kazi. Sisi tulimaliza tukamwagika wote barabarani. Nikajikuta njia panda ya Usagara nasubiri malori ya saruji, na wanaosubiri nami ni wale wale wa dawatini.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa sina haya. Tajiri wa mzigo akifika anauliza, "Nani chini ya hapo?" Huyu elfu sita, yule tano, mimi tatu! Nilimnyang'anya kibarua hata rafiki yangu wa dawati moja, na mkewe alikuwa amejifungua wiki hiyo.

Asubuhi moja tajiri akauliza kama kawaida. "Tatu!" nikapaza sauti. Kimya. "Mbili na nusu!" Kimya. "Mbili!" Kugeuka, wenzangu wote wamekaa chini wananitazama. Kumbe nashindana na mimi mwenyewe! Chekeni tu. Lori zima nililishusha peke yangu, mgongo ukagoma kunyooka.

Mama akanikanda kwa maji ya moto. "Mwanangu, sisi kwenye pamba tulikuwa wengi kuliko ninyi," akasema. "Tulilima safu moja, ngoma inapigwa, hakuna wa kumkimbia mwenzake. Wewe unakimbilia wapi?"

Niliona aibu, nikalia. Kesho yake nikamwomba rafiki yangu msamaha mbele ya wote, nikakaa chini nao. Tukakubaliana: bei moja, msemaji mmoja. Tajiri akaja, akaikataa bei yetu, akaondoka amenuna. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu akaja, wingu limetanda, saruji iko wazi juu ya lori.

"Nani chini ya hapo?"

Njaa ilinisukuma, nikaziba mdomo kwa mikono yote miwili! Watu ishirini, hakuna hata aliyekohoa. Akakubali bei yetu! Tulishusha kwa safu, tunaimba, tukamaliza kabla tone halijadondoka.

Mama, asante. Na wewe rafiki yangu uliyekaa pale nyuma na mwanao, asante kwa kunisamehe.

Mwaka huu wanamaliza wengine, wengi kuliko sisi. Msiwakimbie, wala msiwafukuze. Wakifika njia panda, sogeeni wakae. Kubanana tunajua, tulifundishwa dawatini!