Kidevu Juu na Picha za Stuli Tupu

Wasikilizaji wapendwa, haya nitakayowasimulia ni kweli tupu, neno kwa neno. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili, na moja limeshafanyiwa upasuaji, kwa hiyo linaona hata zaidi ya mwenzake.

Leo tunamkumbuka rafiki yangu, mpiga picha wa pasipoti. Alitutoka Jumatatu, akiwa na miaka sitini na mitatu. Jina lake la nyumbani wengi wenu hamkulijua. Mlimwita Kidevu Juu, kwa sababu kila aliyekalia stuli yake aliambiwa hivyo: kidevu juu, usicheke, usipepese. Fungueni pochi zenu muangalie vitambulisho. Huo uso wa mtu aliyedaiwa kodi ni kazi ya mikono yake.

Duka lake lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele, stuli na kitambaa cheupe ukutani. Nyuma, mkewe, fundi cherehani. Narudia: mume mbele, mke nyuma, pazia katikati. Walizungumza bila kuonana tangu asubuhi mpaka jioni. Binti yao, muuguzi, ameniambia hivi: "Mimi nilikua nikidhani ndoa zote zina pazia."

Sasa, miaka saba iliyopita kamera yake ilianza kuchoka. Ilikuwa ya kidijitali, ndiyo, lakini ya zamani. Nyuso za watu zilitoka kijani. Bwana akawa anaguna mbele ya pazia: kuna kamera nimeiona mjini, we acha tu. Mkewe akamjibu kwamba naye ameona mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za nguo, mjini, na imemsalimia kwa jina. Alikuwa ameiwekea akiba benki miaka minne. Hela ilikuwa hiyo hiyo moja. Ama kamera, ama ovaloki.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kidevu Juu alikuwa na desturi. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alipiga picha moja ya stuli tupu ili kupima mwanga. Asubuhi moja akapiga. Akamwita mkewe. Kwenye kioo cha kamera, stuli haikuwa tupu. Amekaa mwalimu wa hesabu, shati jeupe, kidevu juu. Chumbani hamna mtu. Mke akaigusa stuli, ya baridi. Dakika kumi baadaye mlango ukagongwa. Mwalimu wa hesabu, shati jeupe.

Siku ya pili, mama muuza maziwa. Kwenye picha kwanza, mlangoni baadaye. Siku ya tatu, dereva wa lori. Kwenye picha kwanza, mlangoni baadaye. Mume akasema kamera hii si ya kukaa nayo dukani, tuiondoe. Mke akasema kamera inayowajua wateja kabla hawajafika haiondolewi, inafugwa. Hela hakutoa.

Siku ya nne, aliyekaa kwenye stuli alikuwa yeye. Mke. Amevaa gauni la zambarau lenye kola nyeupe. Macho ya mtu aliyelia mpaka machozi yakaisha. Wasikilizaji wapendwa, gauni hilo halikuwepo. Kitambaa cha zambarau kilikuwa kabatini, kimekunjwa, hakijaguswa na mkasi. Mama wa watu alikizima kile kioo kwa kidole gumba, akaenda benki. Jioni kamera mpya ilikuwa mezani.

Subirini kidogo. Fundi mitambo wa redio ananionyesha mlango wa studio. Kuna mtu anaingia. Ni shemeji. Mjane mwenyewe. Amevaa...

Amevaa gauni la zambarau. Kola nyeupe.

Amekaa. Anaivuta maikrofoni ya mgeni.

"Shemeji, unadanganya watu na mwenzangu hata hajazikwa."

Namwambia sijaongeza chumvi. Ananiambia nimemwaga kopo zima. Anasema jioni moja mwalimu wa hesabu alipita kwake nyuma ya pazia, naye mjane akamshonea kifungo cha pili cha shati. Asubuhi yake mwalimu akagonga mlango, kifungo kipo. Kwenye picha hakipo.

"Hiyo ilikuwa picha ya jana, si ya baadaye," anasema. "Mliwapiga jioni, mkawaambia picha imeharibika, warudi asubuhi."

Nifanyeje, wasikilizaji? Ni kweli. Tena wazo lilikuwa langu. Wateja niliwatafuta mimi. Malipo yangu yalikuwa picha ya familia, kubwa, ya ukutani, bure.

Namuuliza, kama alijua tangu kifungo, kwa nini alitoa hela?

"Ile ya nne mliipigaje?"

Shemeji, ile hatukuipiga. Mumeo alinijia mbio siku ile, akaniuliza nimeifanyaje. Nami nilikuwa nataka kumuuliza yeye hivyo hivyo.

"Nilijua," anasema. "Nilijiona nilivyo leo. Hili gauni nimelikata juzi, na sikutaka. Mkono ulikwenda wenyewe. Siku ile nikasema, kama mwisho wetu ndio huu, basi miaka iliyobaki apige picha anavyopenda. Ila angeniomba tu. Ningempa."

Wasikilizaji wapendwa, mmesikia.

Pole kwako shemeji, pole kwa binti yetu muuguzi, pole kwa wote aliowakataza kucheka. Na wewe unayemzunguka mwenzako kwa hila ili upate kitu, jiulize leo kama umewahi kukiomba kwa maneno ya kawaida. Mazishi ni kesho, saa nne asubuhi.

Mjane amenyoosha mkono. Anataka bei ya ile picha ya ukutani, hapa hapa, mkiwa mnasikia. Nimetoa pochi. Anahesabu noti. Anasema fremu ni hela mbali. Natoa ya fremu.