Gurudumu Chini ya Gari

Mchungaji, wazee, majirani wa Riruta na mafundi mliofunga kazi leo ili muwe nasi, mimi ni Nyawira, mdogo wake Beth, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, ambayo hayafanani na yaliyochapishwa kwenye karatasi mliyopewa pale mlangoni.

Beth Wagaki alizaliwa Riruta tarehe 14 Machi 1983, kifungua mimba wa Gichuru na Gathoni, akasoma shule ya msingi hapa hapa Riruta hadi mtihani wa darasa la nane mwaka wa 1997, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2001, na mwaka wa 2003 akaajiriwa katika duka la vipuri vya magari, ambako kwa miaka kumi na minne aliuza vyuma ambavyo hakuwahi kuvifunga kwa mkono wake, na jambo hilo lilimkera kila siku.

Tarehe 8 Desemba 2007 alifunga ndoa na Nyamai, ambaye yuko nasi hapa, wakajaliwa mabinti wawili, Kanini mwaka wa 2008 na Gathoni mwaka wa 2012.

Februari 2017 aliacha duka, akaenda Laini Saba, Kibera, hadi karakana ya Mzee Fadul, akaomba ajaribiwe, mafundi wakacheka, mmoja akamuuliza kama amepotea njia ya saluni, lakini Mzee Fadul akampa tupa na kipande cha chuma, akamwambia akisugue mpaka pembe zote nne zikae sawa, kazi iliyomchukua siku tatu na kumchuna viganja vyote viwili, na jioni ya siku ya tatu mzee akakiinua kile chuma kwenye mwanga, akasema, "Mama Kanini, kesho ukuje na ovaroli."

Kwa miaka minne alijifunza pale kuchomelea na kufungua injini, pamoja na amri moja iliyorudiwa kila asubuhi, kwamba gari likishainuliwa kwa jeki, gurudumu lililotolewa hulazwa chini ya gari kabla mtu hajaingia, ili jeki ikishindwa gari lilalie gurudumu, lisimlalie mtu.

Machi 2021 alihamia eneo la Kongo, Kawangware, kwenye gereji ya Bwana Kinyanjui, ambaye amekaa safu ya pili, na kwa miaka minne na nusu Beth ndiye aliyefungua gereji hiyo asubuhi, akagawa kazi, akafundisha wengine, akaifunga jioni.

Tarehe 3 Septemba mwaka huu, Jumatano, saa tano asubuhi, gari la mteja lilikuwa juu ya jeki, gurudumu lake likiwa limepelekwa kuzibwa pancha, Beth akasema atangoja lirudi kwanza, na Bwana Kinyanjui, mbele ya mafundi watatu, akamwambia, "Beth, ni nati mbili tu, mteja amesimama hapo, ingia."

Jeki ilishindwa.

Alilazwa siku saba, mbavu zikiwa zimevunjika na pafu limetobolewa, akafariki Jumatano tarehe 10 Septemba, saa kumi na moja alfajiri.

Karatasi mliyo nayo inasema alifariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Beth hakuugua. Karatasi hiyo ilichapishwa na Bwana Kinyanjui kama mchango wake kwa mazishi, na kwenye kituo cha polisi yeye mwenyewe ameandikisha maneno mengine, kwamba Beth alikuwa mama aliyepita siku hiyo kuomba kujaribu kazi. Dada yangu alijaribiwa mara moja tu, siku tatu, Laini Saba, na alifaulu.

Mzee Fadul alipokuja nyumbani Jumapili kutupa pole, alikaa, akakataa chai, akauliza swali moja, "Gurudumu lilikuwa wapi?"

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania siku saba, majirani waliopika na kuwalaza watoto wetu kwao, na wafanyakazi wenzake, Lusweti na wale wawili waliosikia amri ile pamoja naye, ambao Alhamisi waliandikisha ukweli kituoni na Ijumaa wakafutwa kazi. Jumatatu saa tatu asubuhi tunarudi kituoni pamoja nao, na yeyote ambaye gari lake lilipita mikononi mwa Beth pale Kongo, tunamwomba aje na risiti yenye sahihi ya Beth, ya kuonyesha kwamba alikuwa fundi wa pale, hata kama ni moja, hata kama ina mafuta.

Beth, zamu yako imekwisha, pumzika kwa amani, sisi hatujapumzika.