Diễm Sương na Uso Uliokuwa Chini ya Laka

Marehemu Maria Hồ Thị Diễm Sương alizaliwa tarehe 3 Februari 1978 mjini Huế, mtoto wa pekee wa mshona kofia za majani. Alizaliwa kabla ya siku zake, na mama yake alipenda kusema, "Huyu hata tumboni hakukaa kitako."

Alisoma hapa hapa mjini, akahitimu uchoraji mwaka 2000. Miezi michache kabla ya hapo, mafuriko makubwa ya Novemba 1999 yalikuwa yamemchukua mama yake, pamoja na nyumba na kila picha iliyokuwamo. Hapakubaki hata moja ya kuwekwa juu ya madhabahu ya nyumbani, panapowekwa picha za wazee waliofariki. Tangu hapo Sương aliishi na hofu moja, kwamba atausahau uso ule.

Alifundisha kuchora shule ya msingi. Mwaka 2004 alifunga ndoa na Trần Hữu Lộc, muuza wali wa kombe za mtoni, wakajaliwa binti, Khuê. Ilikuwa ndoa ya kelele na vicheko. Sương alikuwa akimnyang'anya mumewe bakuli kabla hajamaliza kula, ili alioshe.

Mwaka 2021 alirudi chuoni kusomea uzamili, na kwa maonyesho ya kuhitimu akaamua kumchora mama. Picha ya laka, utomvu wa mti unaokauka na kung'aa, huzikwa kwanza. Alichora uso, akaufunika kwa laka nyeusi tabaka juu ya tabaka, kisha akasugua kwa msasa na maji hadi utokee. Mei 2023 mama alitokea. Waliomjua walilia, na chuoni ikanong'onwa kwamba zawadi ya kwanza imeshapata mwenyewe. Lakini Sương aliona shavu halijakaa sawa. Akasugua, akasugua tena, mpaka ukatokea ubao mtupu.

"Dada Sương, mkono wako hauna breki!" alifoka Mwalimu Bảng, msimamizi wake.

"Nilikuwa karibu kumpata, mwalimu."

"Ulikuwa umeshampata!"

Maji yakimwagika hayazoleki. Jina lake likaondolewa kwenye maonyesho, naye akaanza ubao mwingine.

Oktoba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya tumbo. Daktari alimwambia apumzike, naye akamuuliza kupumzika kunafanywaje. Lộc aliuficha msasa chini ya gunia la mchele, Sương akaupata. Mei iliyopita alisugua akiwa amekaa godoroni, Khuê akimmwagia maji. Lilipotokea jicho moja na nusu ya tabasamu, akasimamisha mkono.

"Malizia, mama. Si kumebaki kidogo tu?"

"Ndiyo maana naacha. Utoe huo msasa hapa, nisije nikabadili nia."

Picha ilitundikwa kwenye maonyesho ya chuo tarehe 6 Juni 2025, nusu uso, nusu weusi, ikapata zawadi ya pili.

"Ya pili!" alimnong'oneza mumewe, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. "Wangenipa siku mbili ningeirekebisha."

Lộc aliishika mikono yake yote miwili mpaka sherehe ikaisha.

Sương alifariki nyumbani kwake tarehe 19 Julai 2025. Ameacha mume, binti, na wanafunzi wengi aliowafundisha kufuta. Mama yake sasa yuko juu ya madhabahu, mahali palipokuwa patupu miaka yote hiyo.

Asubuhi ya leo Khuê aliweka kipande cha msasa ndani ya jeneza, kisha akakitoa.

"Hapana," alisema. "Ataanza upya."

Mikono yake na ipumzike kwa amani.