Jina la Bisibisi Lirudi Mahali Pake

Sogezeni viti, wanangu, na wewe binti yangu mkubwa iweke hiyo kompyuta mapajani uifungue, maana leo mimi nitasema na wewe utaandika. Pumzi yangu ni ya kuhesabu, na nimechoka, nimechoka mpaka uchovu wenyewe umenizoea.

Nyumba ni yenu wote watatu, mmeshazungumza, sina la kuongeza. Mashine mbili za duka la uchapaji azichukue kitinda mimba, kwa sababu ndiye pekee anayezifuta vumbi bila kuambiwa. Imebaki ile programu, inayozifanya printa kuukuu, zilizosuswa na waliozitengeneza, zichape tena. Kaka mtu, nimekusikia sebuleni ukisema tuifunge, watu wasione ilivyoandikwa, tuiuze. Usiifunge. Mimi nilijifunza kuiandika kwa kusoma kazi za watu nisiowajua hata sura, walioziacha wazi ili mchapaji kama mimi achungulie ndani, akosee, ajaribu tena, na hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Mlango nilioukuta wazi, msiutie komeo.

Lakini msinisifu. Mficha uchi hazai, na wangu nimeuficha vya kutosha. Programu ile sikuiandika peke yangu. Tulikuwa wawili, mimi na fundi wa printa wa mtaa wa nyuma, yule mnayemwita Babu Bisibisi. Mimi vidole, yeye masikio: alikuwa analaza sikio juu ya printa, anafumba macho, anasema, "Dada, inavuta karatasi mapema mno, icheleweshe kidogo." Kunyoosha mistari, ambako mimi nilishindwa miezi minne, ni kazi yake tupu. Majina yetu yalikaa mawili, pale programu inapofunguka.

Siku moja nikachapa kadi za harusi kichwa chini miguu juu, foleni imejaa mpaka mlangoni, naye akacheka: "Mashine haina kosa, dada, kosa liko kwenye vidole!" Watu wakaangua kicheko. Ulimi wake haukuwa na breki, lakini haukuwa na sumu. Mwenye sumu nilikuwa mimi. Siku ile ile nikalifuta jina lake, nikaituma programu duniani, na kila aliyeichukua tangu hapo amejua ni yangu peke yangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Huyo mjukuu nimemlea miaka kumi na tisa.

Naye anaitumia hadi leo. Mwaka juzi nilipita kibandani kwake, akaifungua mbele yangu, jina langu likatokea, pweke. Nikangoja anitukane. Akasema tu, "Inafanya kazi vizuri, dada," akanisogezea kiti. Laiti angenitukana, wanangu.

Basi, binti yangu, andika. Jina lake kwanza, langu chini. Si "kwa msaada wa", hapana, futa hilo, andika "waandishi". Na pale pa kueleza kilichobadilika, andika: jina hili nililiondoa mimi, kwa kiburi. Hivyo hivyo. Usinilainishie. Sasa tuma. Imekwenda?

Uchape ukurasa huo kwa ile printa kuukuu ya kijivu, inayochapa kwa programu hiyo hiyo. Kaka mtu, utaupeleka wewe, kwa miguu yako, leo, kabla hajafunga kibanda. Ukifika mwamkie kwa adabu. Usimwombe anisamehe, hilo ni lake mwenyewe. Mpe karatasi, unyamaze.

Na ninyi watatu... nipeni maji kidogo... kosaneni ikibidi, ndugu hugombana, lakini mtu asilifute jina la mwenziwe. Mungu awape mikono ya kazi, na mioyo... isiyo na choyo. Radhi yangu mnayo. Wote, mnayo.

Nyamazeni. Naisikia inavuta karatasi. Iacheni imalize. Haya, iinueni nione... Imenyooka. Mnaona mistari? Imenyooka. Hiyo... hiyo ni kazi yake.