Nuksi ya Fainali ya Nne

RENATA: Haloo? Mjomba Norbert? Haloo!

NORBERT: Nani mwenzangu?

RENATA: Renata. Shikamoo.

NORBERT: Marahaba. Mama yako hajambo?

RENATA: Hajambo. Mjomba, tangu jana napiga, hupokei—

NORBERT: Nilikuwa nazoa theluji mlangoni.

RENATA: Muda wote huo?

NORBERT: Ilikuwa nyingi.

RENATA: Jiji zima la Buffalo limejaa theluji, na watu wanapokea simu! [laini inakwaruza] Unanisikia? Nataka kukuomba—

NORBERT: Timu imetua? Watu wamekwenda kuwapokea?

RENATA: Wamekwenda. Wanalia na kupiga makofi, kama mwaka jana. Niache niseme basi! Jana nilikufukuza nyumbani kwetu, mbele ya watu.

NORBERT: Ulikuwa na haki.

RENATA: Haki gani? Kaka wa mama yangu, namwambia "toka, kisirani wewe"! Na wageni wananitazama! Naona haya, Mjomba. Hata chai haipiti.

NORBERT: Makubaliano yalikuwa nikae stoo ya chini mpaka mwisho, nisiwaletee nuksi. Mpaka mapumziko tulikuwa tunaongoza, Renata! Tunaiongoza Dallas! Nikasikia vifijo huko juu, uzalendo ukanishinda, nikapanda nichukue mabawa ya kuku tu—

RENATA: Mimi ndiye niliyekuita—

NORBERT: —sijakaa hata kitako, mtu wetu kadondosha mpira! Wakauokota, wakakimbia nao mkononi mpaka kwenye mstari wetu, wakapata pointi. Kwisha habari.

RENATA: Haya, nijibu. Fainali ya kwanza ulikuwa wapi?

NORBERT: Kwenu, kwenye kochi. Teke la mwisho likapita nje ya mlingoti.

RENATA: Ya pili?

NORBERT: Garini. Redio nimezima.

RENATA: Tukafungwa. Ya tatu?

NORBERT: Stoo. Tukachakazwa.

RENATA: Umeona? Kochini tumefungwa, garini tumefungwa, stoo tumefungwa. Ungehamia mwezini tungefungwa! Si wewe, Mjomba. Ni wao, hawawezi ku—

NORBERT: Ishia hapo hapo!

RENATA: Lakini—

NORBERT: Usilitamke! Vijana wale wamefika fainali miaka minne mfululizo. Marekani nzima inawacheka, nao kila mwaka wanarudi. Halafu useme hawawezi? Hapana. Bora niwe mimi. Mimi kuchekwa nimezoea.

[laini inakwaruza]

RENATA: Na Jumamosi je?

NORBERT: Mama yako atakupeleka altareni.

RENATA: Siku tunamzika baba ulisema utanipeleka wewe.

NORBERT: Nikushike mkono na nuksi hii? Niiharibu na ndoa? Niache, mwanangu. Wakwe zako wote waliniona ninavyotoka. Nitaingiaje kanisani, nitazame wapi?

RENATA: Mjomba... [anavuta pumzi] Haya. Nimekubali. Una nuksi.

NORBERT: Eh?

RENATA: Unayo, tena ya kutupwa! Jumamosi utanishika mkono. Keki ikianguka, ni wewe. Mume wangu Gary akinikorofisha, ni wewe. Mtoto akizaliwa na pua ya mama mkwe, ni wewe! Tutakulaumu wewe, sisi tuishi kwa amani.

NORBERT: Mtasema ni mimi?

RENATA: Kila kitu.

NORBERT: Hamtasema ni Gary?

RENATA: Si Gary, wala si mimi.

NORBERT: [anapenga kamasi] Misa saa ngapi?

RENATA: Saa tano asubuhi— nakuja, bosi, nakuja! Mjomba, naitwa. Lakini kwanza nisamehe. Tafadhali.

NORBERT: Hata hilo ni kosa langu. Haya kata, kata simu! Usije ukafukuzwa kazi, wakasema ni mimi.