Nesi Bernadeta na Paa la Ghala la Kahawa

Baba Paroko, masheikh wetu mliokuja kusimama nasi, ndugu, jamaa, majirani wa Kibiti, na ninyi mliopanda boti alfajiri kutoka Mbwera mkashukia Nyamisati ili muwahi mazishi haya, familia inawasalimu na kuwaomba subira kidogo, kwa maana historia ya mama yetu mpendwa, Bernadeta Kokushubira Rweyongeza, mliyemwita Nesi, ilikuwa bado inabishaniwa mpaka jana alasiri. Gasper, mtoto wake wa kwanza, ndiye aliyepewa karatasi hii aisome, naye, kama wengi mnavyomjua, ni mtu wa kupenda kupamba maneno, ndiyo sababu marehemu, akiwa bado na kauli, alimshika mkono akamwambia, "Gasper, siku ya kunisoma, usiniongezee," na tangu hapo maskini hana raha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika kijiji cha Omukagando, kaskazini ya Mto Kagera, karibu na mpaka wa Uganda, akiwa binti wa tatu wa Mzee Rweyongeza, mkulima wa kahawa, na Ma Paulina, ambaye alikuwa na mguu mmoja mbovu tangu utotoni na hakuweza kutembea mwendo mrefu, jambo ambalo tunawaomba mlikumbuke, kwa sababu huko mbele ndilo lililoamua mengi. Alisoma shule ya msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, shule yenyewe ikiwa juu ya kilima chenye mikaratusi, na alitusimulia harufu ya majani ya mikaratusi baada ya mvua mara nyingi mno, hata sisi tuliozaliwa huku kwenye mikoko tukaona kama tumewahi kuisikia. Mwaka 1973 alijiunga na mafunzo ya uuguzi msaidizi kwa masista wa Bukoba, akahitimu mwaka 1975, na Januari 1976 akaajiriwa katika zahanati ya kijiji chake, jirani kabisa na ghala la kahawa la chama cha ushirika, ghala lililokuwa na paa la bati kubwa kuliko yote bondeni, ambalo nusu yake ilipakwa rangi nyekundu na nusu ikabaki inang'aa hivyo hivyo, kwa sababu rangi iliisha na aliyetumwa mjini kuleta nyingine hakurudi.

Mwishoni mwa Oktoba 1978, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, watu wa Omukagando walikimbilia kusini na walichoweza kubeba, lakini Ma Paulina hakuweza kukimbia, na marehemu, aliyekuwa na umri wa miaka ishirini na miwili, akabaki naye, pamoja na wazee wengine wasiojiweza na wanawake waliokuwa wamejifungua juzijuzi. Siku za kwanza askari wa adui walilala ndani ya lile ghala, kisha wakahamia shuleni, kilimani, chini ya mikaratusi, na wanakijiji waliobaki wakakusanyika ghalani kwa kuwa nyumba zao zilikuwa zimechomwa. Marehemu aliachwa hai kwa sababu vijana wale wa jeshi walikuwa wanatetemeka kwa malaria na yeye ndiye mwenye ufunguo wa kabati la dawa, hivyo kila asubuhi alipanda kilima kuwachoma sindano, na katika kupanda na kushuka huko akaona jambo lililomtisha kuliko bunduki zao, kwamba jeshi letu linapanga mizinga upande wa pili wa mto, na kwamba mtu akitazama kutoka kule, kitu pekee kinachoonekana vizuri ni lile paa la ghala.

Ndipo alfajiri moja ya ukungu alipofunga migomba pamoja ikawa chelezo, akajilaza juu yake na kuvuka Mto Kagera wenye mamba, na alipofika ng'ambo, badala ya kupokewa, askari wetu wakamfunga mikono, wakisema lafudhi yake ni ya mpakani na bila shaka ametumwa na adui. Alikaa hivyo mpaka ofisa mmoja, ambaye marehemu hakupata kulijua jina lake, alipokubali kumsikiliza, akafunguliwa, akachukua kijiti na kuchora chini, hapa ghala na watu wetu ndani yake, hapa kilima, hapa mikaratusi na adui. Yule ofisa hakumshukuru wala hakumwambia lolote, alimuuliza tu kama anaweza kurudi, naye akarudi, na kabla eneo lile halijakombolewa mwezi Novemba alivuka tena mara mbili kupeleka habari za alichokiona. Ghala halikupigwa, Ma Paulina alitoka akiwa hai, akaishi mpaka mwaka 1991, na kilima cha shule kilipigwa mpaka mikaratusi ikabaki visiki.

Hayo ndiyo aliyoyafanya, na tangu siku ile watu hawajawahi kukubaliana kama yalikuwa na uzito wowote. Waliokimbia waliporudi kijijini, wako waliosema binti wa Rweyongeza ameokoa watu, wako waliosema jeshi lilikuwa na taarifa zake na halikumngoja muuguzi mwenye kijiti, na wako, hao ndio waliomuumiza, waliouliza kwa nini yeye alibaki na afya njema huku akiwatibu maadui, wakakaa mbali naye hata kanisani. Mwaka 1981 aliomba uhamisho, akasema apelekwe mbali kadiri ramani ya serikali inavyoruhusu, na Juni mwaka huo akaripoti Rufiji, akapangiwa zahanati ya Mbwera, katikati ya maji na mikoko.

Wazee wa Mbwera mlioko hapa mnakumbuka alivyoshuka kwenye mtumbwi amekumbatia sanduku la bati, viatu mkononi, tope mpaka magotini, na mnakumbuka pia kwamba mlipomsikia akiongea mlimwita Nesi Mganda, yeye aliyekimbia shutuma kama hiyo kwao, mpaka Bi Biasha, mkunga wa jadi, alipowakaripia akisema, "Mwacheni, huyu katoka mtoni kama sie." Bi Biasha ndiye aliyemfundisha kupika samaki kwa nazi, kusuka ukindu, na kukaa kwenye dungu msimu wa mpunga kufukuza ndege, na wawili hao walizalisha watoto wa delta kwa miaka kumi na mitano, mmoja akishika taa ya chemli, mwingine akipokea kichanga, huku maji yakijaa chini ya sakafu. Jamani, siku zile zilikuwa na shida, lakini zilikuwa na utamu wake, na marehemu alikuwa akisema kwamba hajawahi kula wali mtamu kama ule wa mpunga mpya wa Mbwera, uliopikwa na mtu anayekucheka jinsi unavyotamka maneno.

Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa takatifu na Mwalimu Wilbrod Komba, mzaliwa wa Songea, aliyekuwa akifundisha shule ya Mkongo, hukohuko Rufiji, na aliyekuwa akisafiri kila mwisho wa mwezi kumtazama mchumba wake mpaka walimu wenzake wakadhani ameanza biashara ya kamba wa delta. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gasper, aliyezaliwa mwaka 1985, na Paulina, aliyezaliwa mwaka 1988, na mwaka 1993 wakampokea Habiba, ambaye mama yake alifariki akijifungua, wakamlea kwa ridhaa ya baba yake, Mzee Ukasha, katika dini yake, na mwezi wa Ramadhani marehemu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiamka kumpashia daku. Mwaka 1996 alihamishiwa Kibiti, na kutoka hapa alikuwa akienda na chanjo mpaka vijiji vya Ngarambe, akivuka kwa pantoni pale Ndundu, ambapo abiria wengine walikaa wakala mihogo ya kukaanga na kusinzia, lakini yeye hakukaa hata siku moja, alisimama pembeni akitazama maji mpaka ng'ambo. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, alimwomba mumewe amshushe, akalivuka lote kwa miguu, na alipofika upande wa pili alikuwa analia, nasi tukadhani ni jua.

Mwalimu Wilbrod alitangulia mbele ya haki mwaka 2009, na marehemu alistaafu mwaka 2016, akabaki na bustani yake na benchi la kahawa lililokuwa nje ya uzio wake, na hapo ndipo anapoingia Mzee Hemedy, askari mstaafu wa mizinga, mzaliwa wa Ngarambe, ambaye yupo hapa mbele na ameturuhusu tumseme. Vijana wa Kibiti, waliposikia kidogo habari za vita, walimpachika mama jina la Mama Usalama, wakiacha kusimulia mambo yao akipita, na Mzee Hemedy, aliyekuwa vitani Kagera, hakuipenda sifa hiyo, akawa kila siku anabisha pale benchini kwamba, "Nesi, mzinga hausikilizi umbea, sisi tulikuwa tunapewa shabaha na wakubwa wenye ramani," naye marehemu alimjibu, "Kweli kabisa, Mzee Hemedy," kisha akamletea kashata. Gasper alikuwa anakasirika, akitaka mama yake ajitetee, na mama hakujitetea hata siku moja.

Kulikuwa na kisa kimoja ambacho Mzee Hemedy alikisimulia kila wapatikanapo wasikilizaji wapya, jinsi walivyochimba usiku kucha kuukaza mzinga kuelekea shabaha, na asubuhi, kombora likiwa ndani, wakaamriwa wangoje, wakangoja, wakala ugali wa baridi huku wakiwatukana wakubwa kimoyomoyo, kisha wakaambiwa waung'oe na kuuelekeza kwingine, "tukachimba upya kama fuko, bila hata kuambiwa sababu." Benchi zima lilikuwa likicheka, na marehemu akicheka kuliko wote, mpaka anafuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mwezi Desemba mwaka jana alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, tarehe 19 Januari akapata kiharusi, akalazwa, akapata nafuu, akarudishwa tena wodini, na saa nane mchana ya Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, akafariki dunia, Habiba akiwa amemshika mkono.

Jana familia ilikaa kuipitisha historia hii, na Mjomba Deogratias, mdogo wake marehemu aliyesafiri kutoka Omukagando, akaomba habari za vita ziondolewe zote, kwa kuwa kule nyumbani bado zinachoma, wakati Gasper alitaka liandikwe neno shujaa, tena kwa herufi kubwa, na wote wawili wakapandisha sauti mbele ya wageni. Mzee Hemedy, aliyekuja kutoa pole, alikuwa anataka kuondoka kwa adabu, lakini Mjomba, katika kueleza uchungu wake, akalitaja lile ghala na paa lake lililopakwa rangi nusu, na Mzee Hemedy akasimama pale pale mlangoni akauliza, "Ukilitazama kutoka mtoni, nyekundu ilikuwa mkono wa kushoto?" Mjomba akasema ndiyo, ilikuwa kushoto, na Mzee Hemedy akaketi chini, juu ya mkeka, akasema maneno ambayo ametuomba tuyasome kama alivyoyasema.

"Amri haiji na sababu yake, kwa hiyo siwezi kuapa kuwa ni yeye, huenda walikuwapo na wengine waliopeleka habari. Lakini andikeni kwamba mzinga wangu ulikuwa umelenga paa lile, na asubuhi ile tukaambiwa tuugeuzie kwenye miti. Mimi nimemkatalia Nesi miaka yote hii, na leo siwezi tena."

Mjomba Deogratias alilia, akasema basi, isomwe, na Gasper alikuwa tayari ameshaichukua kalamu aliandike neno lake, ndipo Habiba akamzuia. Mnajua kwamba kila mwezi Novemba marehemu alikuwa akitoa nia ya Misa hapa parokiani, ikisomwa kuwa ni kwa ajili ya wagonjwa wake wa Omukagando, nasi sote tukiamini ni wazee wa ghalani, lakini mchana mmoja wodini Habiba alimuuliza wagonjwa hao ni akina nani, naye akamjibu, "Wale vijana wa chini ya mikaratusi. Niliwatibu malaria, wakaanza kupona, kisha nikawaonyesha kwa kijiti." Kwa hiyo alipokuwa akikicheka kile kisa cha mzinga benchini, akijua uling'olewa wapi na kuelekezwa wapi, alikuwa analisikia paa na anaisikia miti pia, na sasa tunaelewa kwamba machozi yale hayakuwa ya kicheko peke yake, na inatuuma kwamba aliyafuta peke yake. Gasper akaiweka kalamu chini.

Familia inawashukuru kwa dhati madaktari na wauguzi waliomhudumia, uongozi wa parokia, masheikh, wafanyakazi wenzake wa afya wa Kibiti na Rufiji, akina mama wa mtaa waliopika tangu Jumanne bila kutumwa, Bi Biasha aliyekuja kwa boti na uzee wake wote, na Mzee Hemedy, ambaye ameomba awe mmoja wa watakaobeba jeneza, naye amekubaliwa. Marehemu ameacha watoto watatu na wajukuu watano, na watu wasiohesabika wa delta ambao mikono yake ndiyo ya kwanza kuwashika.

Mama, tumesoma yale tu tunayoyajua, hatukukuongezea. Umeshavuka, kaa sasa. Pumzika kwa amani.