Chumba cha Kuzalia Kinachofunguliwa Mgeni Akiwa Ndani

Mgeni rasmi, Baba Injenia Wenceslas Kayembe, mkuu wa programu ya maternite za mto. Baba na mama wa mtaa. Wake wa askari mliotoka kambini. Wafanyakazi wenzetu: wafwako, mbote, jambo. Tumewasalimu kwa lugha tatu kwa sababu katika atelie yetu, karakana hii, ukisalimia kwa moja tu, wawili wanaendelea na kazi na wa tatu anauliza kama umemkasirikia.

KARIBU

Baba Injenia, hapa mlipokaa si ukumbi. Ni chumba cha kuzalia. Ni kimoja kati ya vyumba vitatu vya maternite tunavyovitengeneza hapa Kamina vipande vipande, ili vipande treni mpaka Bukama na kusimamishwa kule. Hiki tulikisimamisha jana kiwanjani makusudi. Leo, nikiwa nasoma, wenzangu kumi watakifungua mkiwa ndani. Msiogope, hakuna kitakachowaangukia. Tunataka muone kwa macho yenu ni watu gani wanaokijua.

Anayesoma ni mimi, Chrispin Kitwa, mstaafu wa reli, mtunza buloni, yaani bolti, wa atelie. Sikuchaguliwa kwa sababu ya shule, maana kusoma nilijifunza kwenye magunia ya sukari. Lakini kazi ya kufungua inataka robo saa, na Mama Sylvie alisema mbele ya wote: "Baba Chrispin njo asome. Ule, ukimuuliza ni saa ngapi, anaanzaka na Noa."

TULIKOTOKA

Tulianza watu wanne, miaka mitano iliyopita, kwa hasira. Tulikuwa tunajenga shule upande wa ziwa kwa matofali mabichi ya palepale. Mvua ikaanza. Kila tofali tulilopanga asubuhi, jioni lilikuwa supu. Ninawaambia ukweli mtupu: niliuona ukuta ukiondoka kwa miguu yake, ukapita mbele ya kanisa, na padri akaubariki akidhani ni prosesio.

Fundi Ngoy, seremala wetu, akatupa mwiko chini. Akasema, "Tujenge nyumba pa kukauka, kisha tuipeleke." Wote wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimefanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja. Nilisafirisha ng'ombe, mahindi, samaki, na mara moja shemeji ya mkuu wa stesheni aliyelala ndani ya pipa. Nyumba ingenishinda nini?

Njo hivyo tulivyoanza. Kila kipande cha ukuta tunakiita pano. Pano zinatengenezwa huku chini ya bati letu, mvua inyeshe isinyeshe, na kule nyumba inapokwenda msingi unakauka pole pole. Watu wanne wanabeba pano moja, buloni zinashika, basi.

Na kwa sababu hakuna tena kupanda juu na mfuko wa saruji mgongoni, walikuja watu ambao shantie za zamani za ujenzi ziliwafukuza mlangoni: wake wa askari, wakulima wa vijiji vya karibu wakati shamba limelala, na Phébé asiyesikia tangu kuzaliwa. Hata mimi nikabaki, ingawa magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Leo tuko kumi na mmoja, wanawake sita.

Mkisikia kelele juu ya kichwa, Baba, ni bati zinashuka.

TULIYOYAFANYA

Nyumba tisa zimeshuka treni na kusimama, zote kwa mikono yetu. Moja ilisimama haraka hata mama aliyeshikwa na uchungu chini ya jua alizalia chini ya bati. Mtoto anaitwa Pano. Kama mna mashaka, hata mimi ninayo, lakini mtoto yupo.

Hata kosa letu kubwa tunalihesabu hapa, kwa sababu lilitufaa kuliko mambo mengine yote. Mama Sylvie alitoka Mbandaka akimfuata bwana yake askari. Mwaka jana tulimpa rangi aandike kila pano inakaa upande gani. Sasa, kwa Lingala, mkono wa kuume ni mkono wa mobali, wa mwanaume. Wa kushoto ni wa mwasi, wa mwanamke. Akaandika hivyo hivyo, herufi kubwa: MOBALI, MWASI. Fundi Ngoy, ambaye Lingala yake ni ile ya muziki, alikuta MOBALI mlangoni akajua ni chumba cha wanaume. Akatengeneza kabisa na mahali pa kukojolea wima.

Mama Sylvie alipoona alishika kiuno. "Baba Ngoy! Mwanaume gani anazalaka mutoto?"

"Miye niliwaza serikali imebadirisha."

"Mobali njo mukono ya kuume, weye!"

"Na ile ya kushoto?"

"Ya mwasi."

"Eh! Usimwambie bibi yangu. Atanipiga na yote mbili."

Sisi wote tukaingilia, kila mtu kwa lugha ya nyumbani kwao. Phébé alituangalia midomo kama mtu anayeangalia kuku wakigombea punje. Akachukua brosi ya rangi. Akachora samaki kwenye ukingo wa pano moja, na samaki wa namna ile ile kwenye ukingo wa nyingine, akazisukuma mpaka wakabusiana. Tangu siku ile hatuandiki tena neno. Samaki kwa samaki, jembe kwa jembe, kijiko kwa kijiko. Hakuna pano iliyowekwa vibaya tena, hata moja.

Na si kuchora tu. Buloni ikikazwa, Phébé anaweka kiganja ukutani. Kwa kule kutetemeka anajua kama imeshika au imedanganya. Sisi wenye masikio tunasikia nyundo tu.

Hapa, kama tulivyofanya mazoezi, mnapaswa kusikia upepo mgongoni. Ni ukuta wa samaki umekwenda. Kama bado upo, nitakohoa na kuwasomea tena habari ya padri.

KINACHOTUKWAZA

Ni kimoja tu. Mbao tunapata, buloni ninazilinda mwenyewe na hata fundi Ngoy anaziomba kwa adabu. Kinachotukwaza ni barua yenu ya tarehe tisa. Inasema maternite ya Bukama itasimamishwa na "wanaume wanane wenye brevet" mtakaowatuma ninyi. Sisi tutapakia wagon Alhamisi, kisha tubaki hapa stesheni tukipunga mkono.

Tuliisoma mara tatu. Tukatafuta brevet, ile karatasi ya kuhitimu, katika masanduku ya nyumbani. Fundi Ngoy anayo moja, ya useremala. Mimi ninayo ya ubatizo. Wengine hawakukuta kitu.

Hao wanane hatuwatukani. Wamesoma, sisi hatukusoma. Lakini watafungua wagon na kukuta samaki, jembe na kijiko. Watatafuta namba, hawataziona. Watasema watu wa Kamina wanapenda mapambo. Watalazimisha pano kwa nyundo, mbao zitapasuka, na mvua za mwezi wa kumi zitaingia kabla ya mama wa kwanza. Na yule mama atarudi kuzalia anapozalia leo, katika nyumba ya kuazima, nyuma ya wauza samaki.

Phébé alitaka hili nalo lisomwe. Jana alichukua barua yenu, akaweka kidole juu ya neno "wanaume". Kisha akaweka kiganja chake ukutani, akaniangalia. Akakaa hivyo mpaka mimi, Chrispin, nikachukua kalamu na kuliandika bila kuanza na Noa. Ulizeni mtaani kama jambo hilo limewahi kutokea.

OMBI

Baba Injenia, tunaomba mfute yale maneno, muandike: "watu kumi na mmoja wa Kamina". Wanane wenu wakitaka kuja, waje. Tutawafundisha samaki, watatufundisha namba. Na hiyo brevet, tupimeni kule kule Bukama, kila mmoja mbele ya kazi yake. Atakayeshindwa arudi na treni ya kwanza, hata kama ni mimi. Vyakula vya safari tumekwisha kusaga.

Nimesoma polepole kadiri nilivyoweza, lakini wenzangu wamenishinda. Kuta zote nne zimelala kwenye lori na ninyi mmekaa kiwanjani. Kimebaki kiti chenu na meza hii. Barua yenu iko mezani, kalamu iko pembeni yake. Lakini meza nayo ni ya mkunga wa Bukama, na Mama Sylvie amesimama nyuma yenu na kle ya kufungulia buloni mkononi. Tunaomba mweke saini kabla hajaifungua meza miguu.

Mungu aubariki mkono wenu, ule unaoandika kwanza. Awalinde akina mama wa mto na wale wanaowabeba, na atupe sote safari njema.

Ni sisi,
Atelie ya Nyumba za Treni, Kamina.